Majaribio ya Mimea kwa Wanafunzi

Mmea haukimbii, hauumi, na hauhitaji kulishwa usiku. Mbegu za maharage, kunde na mahindi zinapatikana karibu kila soko la Afrika Mashariki, na nyingi huota ndani ya wiki moja. Kwa sababu hizo biolojia ya mimea ndiyo sehemu ya sayansi ambayo hata shule isiyo na maabara inaweza kuifundisha kwa vitendo. Glasi, pamba, chupa za maji zilizokatwa nusu, rula, mizani ya dukani na dirisha linalopata jua vinatosha kwa sehemu kubwa ya majaribio yaliyomo katika sura hii.

Kinachokosekana mara nyingi si kifaa, ni jaribio la kulinganishia. Mwanafunzi huweka mche ndani ya kabati. Baada ya siku tano anaukuta umerefuka, umepauka na kulegea, naye anaandika kwamba giza ndilo lililosababisha. Huenda ni kweli, lakini hajathibitisha. Pengine mche ulisahauliwa kumwagiliwa, au mbegu yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, au kabati lina joto kuliko nje. Ili giza lishtakiwe kwa haki, lazima uwepo mche wa pili wa mbegu ileile, umri uleule, udongo uleule na kiasi kilekile cha maji, ulioachwa kwenye mwanga. Kitu kimoja tu hubadilishwa. Vingine vyote vinabaki sawa. Mwanafunzi aliyeshika kanuni hiyo ameshika nusu ya sayansi, hata kama bado hajui jina la sehemu yoyote ya jani.

Mche mmoja kila upande nao hautoshi. Mbegu za sokoni huwa zimechanganyika: nyingine zimetobolewa na wadudu wa ghala, nyingine zimezeeka. Ikiota mbegu moja hapa na nyingine ikakataa kule, hakuna lililojulikana. Zikiota 9 kati ya 10 katika kopo moja na 2 kati ya 10 katika kopo la pili, hapo kuna jambo la kujadili. Kwa hiyo mbegu 10 kwa kila kopo ndicho kiwango cha chini kinachofaa. Zitumike mbegu za chakula, si zile za duka la pembejeo zilizopakwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Rangi ile ni alama ya dawa ya kuua kuvu na wadudu, na haifai kushikwa na watoto.

Mbegu inahitaji nini ili iote

Vitabu vingi vya shule vinaonyesha maharage matatu yaliyofungwa kwenye kijiti ndani ya glasi: moja limezama, moja liko usawa wa maji, moja liko juu penye ukavu. La katikati huota, na mwanafunzi huelezwa kwamba mbegu inahitaji maji na hewa kwa pamoja. Jaribio hili lina mvuto wake, lakini lina kasoro mbili. Kuna mbegu moja tu kila mahali, na maji ya bombani yana oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo harage lililozama wakati mwingine huchomoza mzizi na kumchanganya mwanafunzi.

Njia bora ni kutumia makopo matano. La kwanza lina pamba yenye unyevu, limewekwa mezani. La pili lina pamba kavu. La tatu lina maji yaliyochemshwa kwa dakika kumi ili kufukuza hewa, yakapozwa yakiwa yamefunikwa. Mbegu hutumbukizwa, kisha mafuta ya kula humiminwa juu yake yatande kuzuia hewa isirudi. La nne lina pamba yenye unyevu, nalo huwekwa ndani ya friji. La tano pia lina pamba yenye unyevu, lakini huwekwa kwenye kabati lenye giza na joto la kawaida.

Kopo hili la tano ndilo linaloachwa na wengi, na bila hilo jaribio zima la joto linaanguka. Friji ikifungwa huwa na giza. Mbegu zisipoota humo, mwanafunzi mwerevu anaweza kudai kwamba zilikosa mwanga, wala si joto, na mwalimu hatakuwa na jibu. Maharage ya kabatini yakiota sawasawa na yale ya mezani, dai hilo linakwisha: mwanga hauhitajiki kwa harage kuota, ila baridi inalizuia. Sheria hiyo haienei kwa kila mbegu. Aina nyingi za saladi zina mbegu ndogo ambazo huota vizuri zaidi zikipata mwanga, ndiyo maana wakulima wa bustani huzifukia kwa udongo mwembamba sana. Darasa linaloweza kupata mbegu za saladi lirudie jaribio hilohilo nazo, lilinganishe.

Shule zilizo nyanda za juu, kama Njombe au Limuru, zitegemee mbegu kuchelewa kuliko za Dar es Salaam au Mombasa. Kuchelewa huko nako ni matokeo yanayostahili kuandikwa pamoja na joto la chumba.

Joto ndani ya chupa ya chai

Mbegu inayoota inapumua, na upumuaji hutoa joto. Harage moja halitoi joto la kuhisiwa kwa kidole, lakini chupa ya chai iliyojaa mbegu zinazochipua hulihifadhi hadi kipimajoto kikalionyesha. Zinahitajika chupa mbili zinazolingana. Moja hujazwa hadi robo tatu kwa maharage au kunde zilizolowekwa usiku kucha. Nyingine hujazwa kwa kiasi kilekile cha mbegu zilizolowekwa, zikachemshwa hadi kufa, kisha zikapozwa kabisa. Midomo huzibwa kwa pamba tu, si kwa kifuniko, kwa kuwa mbegu zilizo hai zinahitaji hewa. Kipimajoto hupenyezwa katikati ya pamba hadi kifike penye mbegu. Joto husomwa asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Chupa ya mbegu hai hupanda kwa nyuzijoto kadhaa. Ile ya mbegu zilizokufa inapaswa kubaki sawa na chumba, lakini mara nyingi siku ya tatu nayo huanza kupanda na kutoa harufu. Wenye joto hilo ni bakteria wanaoozesha mbegu zilizochemshwa, kwa maana nao wanapumua. Hivyo mbegu zote, hai na zilizokufa, husuuzwa kwanza kwa maji yenye dawa kidogo ya klorini ya kufulia. Mwalimu anaweza pia kuliacha kosa hilo litokee mara moja kwa makusudi, kwa sababu linafundisha zaidi ya jaribio lililokwenda sawa.

Chakula kinatoka wapi

Ukimwuliza mwanafunzi mti unapata wapi uzito wake, wengi watajibu kwamba unatoka ardhini. Jan Baptista van Helmont wa Brussels alilipima jambo hilo katika karne ya 17. Alipanda mche wa mti aina ya wilo wenye uzito wa ratili 5 ndani ya chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi kidogo, ilhali udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Kipimo kilikuwa kizuri na hitimisho lilikuwa nusu sahihi: alisema mti wote umetokana na maji. Hewa hakuihesabu, kwa kuwa hakuna aliyejua wakati huo kwamba mmea hujenga mwili kwa kaboni inayotoka hewani. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba sehemu za kijani hutoa oksijeni zikiwa kwenye mwanga tu, na katika miaka ya 1860 Julius Sachs wa Ujerumani akaonyesha kwamba wanga hutengenezwa ndani ya majani yanayopata mwanga.

Jaribio la Sachs ndilo linalorudiwa shuleni hadi leo. Mmea wa kwenye chungu huwekwa gizani kwa siku mbili ili utumie wanga wote uliohifadhiwa katika majani. Jani moja hufunikwa kipande kwa foili iliyobanwa pande zote mbili, na mmea hupelekwa juani kutwa nzima. Saa tisa alasiri jani huchumwa na kuchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja ili life na kulainika. Baadaye hutumbukizwa katika spiriti ndani ya kikombe kidogo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, hadi rangi ya kijani yote itoke. Kabla chupa ya spiriti haijafunguliwa, jiko lazima lizimwe na kusogezwa mbali. Spiriti hushika moto kwa mvuke wake, na ajali za namna hiyo zimeunguza watoto. Maji yaliyokwisha kuchemka yana joto la kutosha. Jani lililopauka huwa gumu na huvunjika, kwa hiyo hurudishwa kidogo katika maji ya uvuguvugu, kisha hutandazwa kwenye sahani na kudondoshewa ayodini. Penye wanga hugeuka kuwa buluu nyeusi. Palipofunikwa hubaki na rangi ya kahawia ya ayodini yenyewe.

Uchaguzi wa mmea una uzito wake. Majani ya kitunguu hayahifadhi wanga, na mwanafunzi aliyeyatumia ataondoka akiamini kwamba kitunguu hakitumii mwanga. Majani ya maharage au ya viazi vitamu yanafaa. Kwa swali la umbijani, yaani kama rangi ya kijani ya jani inahitajika ili wanga utengenezwe, yafaa ua la bustanini lenye majani ya kijani yenye mabaka meupe. Mabaka hayo huchorwa kwenye daftari kabla ya jani kuchemshwa, kwa sababu baada ya spiriti hayaonekani tena. Mchoro huo ndio utakaolinganishwa na madoa meusi ya wanga.

Pamoja na umaarufu wake, jaribio la ayodini lina udhaifu: linatoa jibu la ndiyo au hapana, na linachukua siku tatu. Lipo jingine linalotoa namba ndani ya nusu saa, nalo linastahili kuingia katika kila darasa la sekondari. Hutumia vidoa vya jani na bomba la sindano lisilo na sindano. Robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea huyeyushwa katika nusu lita ya maji, kisha huongezwa tone moja la sabuni ya maji. Soda hiyo, yaani bikaboneti ya sodiamu, huyapa majani kaboni. Isichanganywe na unga wa kuumulia keki wala na magadi ya kupikia maharage, ambavyo vina kemikali nyingine pia. Kwa mrija mgumu au kitoboleo cha karatasi, vidoa 10 hukatwa kutoka jani la spinachi, pasipo na mishipa mikubwa. Vidoa hutiwa ndani ya bomba, maji ya soda huvutwa, hewa iliyobaki husukumwa nje. Mdomo wa bomba huzibwa kwa kidole na kishikio huvutwa nyuma kwa nguvu kwa sekunde kumi. Hewa iliyo ndani ya jani hutoka, na kidole kikiachiwa maji huchukua nafasi yake. Baada ya kurudia mara mbili tatu, vidoa vyote huzama.

Vidoa na maji yake humiminwa ndani ya glasi na kuwekwa juani. Usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga, ukianza, viputo vidogo vya oksijeni hujikusanya ndani ya vidoa, navyo huinuka kimoja kimoja. Kila dakika mwanafunzi huhesabu vilivyoelea, na muda ambao vidoa 5 kati ya 10 vimeelea huwa ndicho kipimo cha kasi. Hapo maswali yote hufunguka. Glasi yenye maji bila soda huonyesha kama kaboni inahitajika. Glasi iliyofunikwa kwa kitambaa cheusi huonyesha kazi ya mwanga. Kivuli cha mwembe, mfuko mwekundu na mfuko wa kijani kila kimoja kitatoa muda wake. Jua kali hupasha maji, kwa hiyo glasi zote huwekwa katika beseni moja la maji ili joto lisitofautiane. Vidoa vilivyoelea vikihamishiwa gizani, baada ya muda huanza kuzama tena, kwa sababu jani nalo linapumua na kuitumia oksijeni yake. Wanafunzi wanaoamini kwamba mimea haipumui wataliona jambo hili kwa macho.

Safari ya maji

Kuingia kwa maji katika seli huonyeshwa vizuri na viazi mviringo. Vipande vya urefu wa milimita 50 hukatwa kutoka kiazi kimoja, hupimwa uzito, na kugawanywa: vingine katika maji matupu, vingine katika glasi ya maji iliyotiwa kijiko cha chai cha chumvi. Baada ya saa moja vya maji matupu vimerefuka na kuwa vigumu, vya chumvi vimefupika na vinapinda bila kuvunjika. Hiyo ndiyo osmosisi. Darasa lililo mbele linaweza kuandaa maji ya chumvi ya viwango vitano na kuchora grafu ya badiliko la uzito kwa asilimia. Mahali mstari unapokata sifuri ndipo nguvu ya chumvi ya nje inapolingana na ya ndani ya kiazi. Pasipo na mizani, kiazi hukatwa nusu, hutobolewa shimo linalotiwa sukari, na kusimamishwa katika sahani ya maji. Kiazi kibichi hujaa maji shimoni kufikia kesho yake, kilichochemshwa hakijai, kwa kuwa utando wa seli zake umekwisha kuharibika.

Jaribio hili linaeleza kwa nini mpunga hunyauka maji ya bahari yanapoingia mashambani, jambo linalojulikana vyema Pemba. Shule za pwani zina nyongeza nzuri. Mchu, mojawapo ya miti ya mikokoni, huvuta maji yenye chumvi na kuitoa chumvi hiyo kupitia majani. Siku ya ukavu, jani la mchu huoshwa kwa maji safi kidogo ndani ya sahani, maji huachwa juani yakauke, na chumvi hubaki. Jani la mwembe huoshwa vilevile kwa kulinganisha.

Maji yanayopanda huonekana kwa kutia shina la mchicha katika maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Baada ya saa chache shina hukatwa kwa wembe, na madoa mekundu yanaonyesha mirija ya zailemu ilipo. Kinachoshuka, yaani chakula, hupita nje zaidi, katika floemu iliyo chini ya gome. Marcello Malpighi alilionyesha hilo katika karne ya 17 kwa kubandua pete ya gome: sehemu ya juu ya pete huvimba. Shuleni hufanywa kwenye tawi moja dogo tu na matokeo husubiriwa kwa wiki kadhaa. Mti uliozungushiwa pete kwenye shina kuu hufa, kama inavyotokea kwa miti ya dawa inayobanduliwa magome pande zote.

Matundu ambayo maji hutokea, stomata, hayahitaji kukatwa jani ili yaonekane. Rangi ya kucha isiyo na rangi hupakwa upande mmoja wa jani, huachwa ikauke, hubanduliwa kwa utepe wa gundi unaong'aa, na kuwekwa chini ya hadubini. Alama za stomata hubaki kwenye utando huo. Jani la mwembe huwa nazo chini, jani la muhindi huwa nazo pande zote mbili, na jani la yungiyungi linaloelea juu ya maji huwa nazo juu, upande unaogusa hewa. Mwanafunzi akiulizwa atabiri kabla ya kutazama, faida huwa kubwa zaidi.

Mmea unajuaje pa kuelekea

Kila mtu ameona mche wa dirishani ukiinama kuufuata mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis waliuliza ni sehemu gani ya mche inayouhisi mwanga huo, na majibu yao yalitoka mwaka 1880. Shuleni hutumika mahindi, mtama au ngano, ambazo chipukizi lake hutoka likiwa ndani ya ala. Mbegu huoteshwa gizani hadi ala zifike sentimita 2. Kundi moja huachwa wazi. La pili huvalishwa kofia ndogo za foili nchani. La tatu hufungwa mkanda wa foili chini ya ncha, ncha ikiwa wazi. Zote huwekwa katika boksi lenye tundu moja ubavuni.

Kufikia siku ya pili, zilizo wazi na zenye mkanda zimeinama kuelekea tundu, zenye kofia zimesimama wima. Ncha ndiyo inayohisi, ingawa kinachopinda ni sehemu iliyo chini yake. Mtu anaweza kusema kwamba kofia ni nzito na imeubana mche. Kwa hiyo linahitajika kundi la nne, lenye kofia za plastiki angavu za ukubwa uleule. Hizo huinama kama kawaida. Mwaka 1928 Frits Went wa Uholanzi alichapisha uthibitisho kwamba kuna kemikali inayotoka nchani kushuka chini. Leo inajulikana kuwa homoni ya auksini, ambayo hujikusanya upande wa kivuli na kuufanya urefuke zaidi.

Kwa mizizi, harage huoteshwa kati ya ukuta wa glasi na karatasi yenye unyevu. Mzizi ukifika sentimita 2, huchorwa alama za wino kila milimita 2, na glasi hulazwa ubavu. Kesho yake mzizi umepinda kushuka, na alama zilizoachana ni zile za karibu na ncha tu. Za juu zimebaki palepale. Mzizi hurefuka nyuma kidogo ya ncha yake, na hapohapo ndipo unapopinda.

Daftari

Kila jaribio huandikwa kwanza kama swali, likafuatiwa na utabiri, kilichobadilishwa, vilivyoachwa sawa, namba zilizopatikana na tarehe. Namba huandikwa siku ileile, kwa kalamu ya wino, na zilizokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili ziendelee kusomeka. Matokeo yanayopingana na kitabu yasifutwe. Mwanafunzi akiandika kwamba mbegu 3 ziliota ndani ya friji, mwalimu asimwekee alama ya kosa. Amwulize friji ilikuwa na nyuzijoto ngapi na mlango ulifunguliwa mara ngapi, kisha jaribio lirudiwe.